Swali la Mwisho la Mahojiano

Mahojiano ya siku hizi yana umbo ninalolijua kabla mgeni hajafungua mdomo. Ataanza na utoto, kisha atafika kwenye kisa kizito: kufiwa, ndoa iliyomvunja, miaka ya sonona aliyoificha nyumbani na kazini. Sauti itakatika, mhoji atamsogezea karatasi ya kufutia machozi. Halafu, zikiwa zimebaki dakika kumi, linakuja swali ambalo halikosi: "Sasa hivi uko sawa? Una ujumbe gani kwa anayepitia hayo?" Mgeni anavuta pumzi. Anasema amesamehe, amejifunza, Mungu ni mwema. Nasi tunazima simu na kulala tukiwa tumeridhika.

Sina ugomvi na mahojiano hayo. Wengi wetu tumelelewa kwa kuambiwa kwamba mwanamume halii na kwamba ya nyumbani hayatoki nje, hivyo kumsikia mtu akiutaja ugonjwa wake kwa jina si jambo dogo. Ninachotaka kukihoji ni lile swali la mwisho. Nani analihitaji zaidi, anayejibu au anayesikiliza? Nikilifuata nyuma, linanifikisha Unguja, mwaka 1866.

Huko, katika misheni ya Wakatoliki, msichana wa Kiyao aitwaye Swema alisimulia maisha yake, na padri wa Shirika la Roho Mtakatifu, Antoine Horner, akayaandika. Baba yake, mwindaji, aliuawa na simba. Baada ya msiba ikaja njaa. Mama akakopa nafaka, akashindwa kulipa, na mdai akamchukua Swema na kumwuza kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama hakukubali kubaki. Alijitoa afuatane na msafara, naye abebe mzigo, mradi asitengane na mwanawe. Njiani nguvu zikamwishia, akaachwa afe.

Swema alifikishwa Kilwa, akapakiwa chomboni kwenda Unguja. Alipofika alikuwa hoi, na waliokuwa naye wakaona hana faida tena. Wakamviringisha mkekani na kumzika angali hai, katika kaburi lisilo na kina. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alisikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista. Masista wakamuuguza mpaka akapona.

Simulizi ingeweza kuishia hapo, lakini inaendelea. Siku moja analetwa misheni Mwarabu mwenye majeraha, na Swema anamtambua kuwa ni miongoni mwa waliomtesa. Anapambana na moyo wake, kisha anamsamehe na kumhudumia. Mwaka 1870 kisa hicho kilichapishwa Paris na Monsinyori Gaume, kikiwa kimetolewa wakfu kwa wasichana Wakristo. Wakati huo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa mwaka 1873.

Sina sababu ya kusema kwamba msamaha ule ulibuniwa. Watoto hufanya mambo makubwa kuliko umri wao, na huenda alisamehe kweli. Lakini natazama mazingira ya mahojiano yale. Aliyeuliza ndiye aliyekuwa akimpa chakula na pa kulala. Waliosoma walikuwa Ufaransa, mbali na harufu ya jahazi la watumwa, na misheni iliishi kwa sadaka zao. Msomaji wa namna hiyo alihitaji kujua kwamba kuna matumaini, kwamba mchango wake umefika mahali. Je, miaka kumi baadaye Swema aliweza kulala katika chumba chenye madirisha yaliyofungwa? Aliwahi kusikia nyayo za msafara katika ndoto, na mama yake akibaki nyuma? Hadithi iliyofungwa kwa msamaha haina nafasi ya maswali hayo.

Miaka 130 baadaye, swali lile lile liliulizwa na taifa zima. Aprili 1996, katika ukumbi wa jiji wa East London, Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kuwasikiliza hadharani walioumizwa na ubaguzi wa rangi. Mwenyekiti alikuwa Askofu Mkuu Desmond Tutu. Moja ya kaulimbiu za Tume ilisema kwamba kufichua ni kupona. Watu zaidi ya 21,000 walitoa maelezo yao. Karibu mmoja kati ya kumi alizungumza mbele ya umma.

Miongoni mwa wa kwanza alikuwa Nomonde Calata. Mumewe, Fort Calata, mwalimu wa Cradock, aliuawa na polisi wa usalama Juni 1985 pamoja na Matthew Goniwe, Sparrow Mkhonto na Sicelo Mhlauli. Nomonde alikuwa mjamzito. Alieleza jinsi waume zao walivyotoka na kutorudi, na jinsi habari ya gari lililochomwa ilivyoonekana gazetini. Alieleza kwa utulivu. Kisha, katikati ya maelezo, akajitupa nyuma kwenye kiti na kutoa ukelele uliojaza ukumbi. Tutu akasimamisha kikao. Waliporejea, alianzisha wimbo wa "Senzeni Na", yaani "tumefanya nini", na ukumbi mzima ukaitikia.

Wengi walioiandika historia ya Tume wamesema kwamba, kwao, Tume ilianza kweli kwa ukelele ule. Naelewa kwa nini. Ukelele haukuwa na ujumbe kwa wanaopitia hayo. Haukusema umejifunza nini. Ulikuwa ni maumivu ya miaka kumi na moja yaliyokataa kugeuzwa sentensi, ambayo mkalimani hawezi kuyatafsiri na ambayo mhoji hana swali la kuyafuatia.

Je, kufichua kulikuwa kupona? Mwaka 2001 Debra Kaminer na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watu 134 walioathiriwa na ukatili wa enzi zile. Wapo waliokuwa wametoa ushuhuda hadharani, wapo walioutoa faraghani, na wapo ambao hawakuutoa kabisa. Watafiti hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo, si katika sonona na maradhi mengine ya akili, wala katika moyo wa kusamehe. Waliona pia kwamba wale ambao hawakuwa wamesamehe ndio walioelemewa zaidi na maradhi. Utafiti kama huo hauonyeshi kipi kilitangulia. Wengine husoma matokeo hayo na kusema: basi samehe, upone. Mimi naona yanaweza kusomwa kinyume pia: aliyelemewa na maradhi hana nguvu za kusamehe, na kumdai msamaha kabla ya kumtibu ni kumtwisha mzigo wa pili.

Wala si maradhi peke yake. Waliotoa ushuhuda waliahidiwa fidia. Tume ilipendekeza malipo ya kila mwaka kwa miaka sita. Mwaka 2003 serikali ilitoa randi 30,000 kwa mtu, mara moja tu. Maafisa sita wa zamani wa polisi walinyimwa msamaha wa kisheria mwaka 1999 kwa mauaji ya Cradock, lakini hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Juni 2025, miaka arobaini baada ya mauaji, uchunguzi wa mahakama ulifunguliwa upya. Kwa hiyo mjane ambaye dunia ilimsikia akilia mwaka 1996, na ambaye machozi yake yaliingia katika vitabu na filamu, alizeeka akisubiri jibu la swali jepesi kabisa: nani atawajibika?

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kusimulia na kupona. Kusimulia huchukua saa moja. Kupona kunategemea kinachofanyika kesho yake.

Mfano ninaoupenda uko Harare. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza bibi kumi na wanne wa Mbare, mtaa uliokuwa umeumizwa na bomoabomoa ya serikali mwaka uliotangulia. Bibi hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Ugonjwa hawauiti kwa jina la kitabuni. Huuita kwa Kishona *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Hatua ya kwanza huitwa *kuvhura pfungwa*, kufungua mawazo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Mgonjwa husimulia. Kisha bibi hamwulizi amejifunza nini. Humwomba achague tatizo moja, kodi ya nyumba au mume anayempiga, wapange hatua moja ya kuchukua, halafu arudi kueleza ilikwendaje. Jaribio la kitabibu lililohusisha watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo sasa limefika nchi nyingine, na Zanzibar ni mojawapo.

Nililisoma jambo hilo nikamkumbuka Swema. Kisiwa kilekile. Yeye alipata watu wa kumfukua, kumlisha na kuandika maneno yake, na bila wao tusingemjua. Lakini kisa chake kilisafiri kwenda Paris kikiwa kimekamilika, na wasomaji walipofunga kitabu hawakudaiwa kitu zaidi ya sadaka. Mgonjwa wa kwenye benchi husimulia kwa mtu atakayemwona tena wiki ijayo.

Ndiyo maana nikipewa nafasi ya kumhoji mtu aliyeumia, swali la mwisho ningelibadilisha. Nisingemwuliza kama yuko sawa, kwa sababu mbele ya kamera jibu lake linajulikana. Ningemwuliza ni nini ambacho bado hakijatengenezwa, na ni nani anayepaswa kukitengeneza. Huenda akamtaja mtu. Huenda akataja deni, kesi, dawa ambayo haipatikani zahanati. Huenda akalia, tukakosa ujumbe wa kuuweka kwenye kichwa cha kipindi. Sikiliza hata hivyo, kisha umpigie Jumatatu.