Ini lenye mafuta si ugonjwa wa walevi: namna ya kulitambua mapema

Mimi ni mtu wa Pwani, mzaliwa wa Mombasa, lakini riziki yangu iko bara. Ni tabibu katika zahanati moja ya Ainabkoi, kaunti ya Uasin Gishu, kwenye baridi, viazi na maziwa. Kila nikirudi nyumbani likizo, jamaa huniletea karatasi za vipimo vya ini niwasomee. Naandika makala haya kwa sababu ya karatasi moja niliyoisoma vibaya mimi mwenyewe.

Mama mmoja wa miaka 58, mkulima wa viazi, alikuwa akija kwangu kwa sababu ya sukari na presha. Tumbo nene, mchangamfu, pombe haonji. Siku moja akalalamika uchovu, nikampima damu. Vimeng'enya vya ini, AST na ALT, vikarudi katika kiwango cha kawaida. Nikamwambia, "Mama, ini lako halina neno." Mwaka uliofuata alirudi tumbo limejaa maji na miguu imevimba. Ini lilikuwa limeshakuwa gumu kwa makovu. Juu ya hayo, mashemeji wakaanza kunong'ona kuwa anakunywa busaa kwa siri.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Ini la mtu yeyote lina mafuta kidogo. Yakiingia katika zaidi ya chembe 5 kwa kila 100 za ini, hapo ndipo husemwa ini lina mafuta. Pombe huleta hali hiyo, ni kweli. Lakini huletwa pia na kitambi, kisukari, presha na mafuta mengi katika damu. Duniani inakadiriwa kuwa karibu watu wazima 3 kwa kila 10 wanayo. Zamani kwa asiyekunywa waliuita ugonjwa wa mafuta ya ini usio wa pombe, yaani hata asiyewahi kuionja, pombe ilitajwa katika jina la ugonjwa wake. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana kulibadili jina hilo, sasa unatajwa kwa asili yake: mwili kushindwa kuitumia vizuri sukari na mafuta.

Wengi wenye hali hii hawafiki pabaya. Wachache ini huvimba, likafanya makovu, likasinyaa, na wengine wakapata saratani. Tena kinachowaua wengi wao si ini bali moyo, kwa hivyo kulitambua ini ni kuulinda na moyo pia.

Nani apimwe

Usingoje maumivu, kwani ini lenye mafuta kwa kawaida haliumi. Pengine ni uchovu tu, au uzito chini ya mbavu za kulia. Mwenye kisukari aina ya pili apimwe hata kama hana dalili. Vilevile mwenye kitambi aliye pia na presha au mafuta ya damu. Chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ni mpaka wa kuanza kujihadhari. Huku kwetu Pwani tulizoea kusema kitambi ni neema. Utepe hausemi hivyo.

Karatasi inasema nini, na haisemi nini

Altrasaundi huonyesha mafuta yakishakuwa mengi, yakiwa machache huweza kuyakosa. Wala haielezi vizuri kama makovu yameanza. Na vimeng'enya vinaweza kuwa vya kawaida ilhali ini linaharibika. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Kuna hesabu iitwayo FIB-4, haihitaji mashine ya ziada. Chukua umri, uzidishe kwa AST. Kisha chukua PLT, zile chembe za kugandisha damu, uzidishe kwa kipeuo cha pili cha ALT. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Yule mama alikuwa na AST 38, ALT 25, PLT 130. Hivyo 58 mara 38 ni 2204. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na 130 mara 5 ni 650. Jibu ni takriban 3.4.

Chini ya 1.3, hatari ya makovu makubwa ni ndogo, rudia baada ya muda. Kati ya 1.3 na 2.67, apimwe ugumu wa ini kwa mashine maalumu. Juu ya 2.67, apelekwe kwa mtaalamu. Aliyepita miaka 65, mpaka wa chini huwa 2.0, na kwa walio chini ya miaka 35 hesabu hii si ya kutegemewa. Namba zote nne zilikuwa katika faili yangu mwaka mzima. PLT ilikuwa imeshuka kidogo, nikaipita.

Kabla ya kusema ni mafuta, ondoa mengine: pima homa ya ini B na C, uliza dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na uliza pombe kwa adabu, bila kumhukumu mtu. Mgonjwa akiona unamshuku, atakuficha mengi.

Tiba

Dawa mpya zimeanza kuidhinishwa ng'ambo, lakini msingi ni uzito. Kupunguza sehemu 5 kwa 100 hupunguza mafuta ya ini, 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na kuanzia 10 hata makovu huweza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo 5 ni kilo nne na nusu. Anza na soda na chai ya sukari nyingi, kisha mahamri na viazi karai vya kila siku. Tembea. Kahawa tungu haina ubaya, tafiti nyingi zimeihusisha na makovu machache, ila halua ya pembeni ndiyo ya kuangaliwa.

Macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au mgonjwa akichanganyikiwa, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Yule mama sasa anahudhuria kliniki Eldoret. Nilimwomba radhi, kisha nikakaa na mume wake na mashemeji nikawaeleza kuwa ugonjwa huu haukutoka kwenye pombe. Nawe, ndugu msomaji, ukiwa na kisukari, siku ya kliniki muulize tabibu wako: FIB-4 yangu ni ngapi? Asipokuwa ameipiga, mpe umri wako na karatasi, aipige mbele yako.