Fedha za Pamba na Mtu Asiye na Shamba

Mara nyingi twasikia ya kuwa serikali fulani imewasaidia wakulima. Neno hili ni jema, lakini yatupasa kuuliza: ni mkulima yupi? Ni yule aliyeshika hati ya shamba, au yule aliyeshika jembe? Habari za pamba katika Marekani zatuonyesha ya kuwa hao wawili si mtu mmoja.

Katika majimbo ya kusini ya nchi ile, utumwa ulipokwisha kukomeshwa mwaka 1865, watu wengi, weusi na weupe, hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri: yeye alitoa ardhi, nyumba, mbegu na mnyama wa kulimia; wao walitoa kazi. Wakati wa mavuno pamba iligawanywa nusu kwa nusu. Lakini chakula walikikopa kwa mwenye shamba, na deni likakatwa katika nusu yao, hata wengi wakamaliza mwaka mikono mitupu.

Mwaka 1929 ratili moja ya pamba iliuzwa kwa senti 17 hivi za Marekani. Mwaka 1932 haikufika senti 7. Basi mwaka 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikatunga sheria ya kupunguza mazao ili bei ipande, na mkulima akalipwa kwa kutolima. Kwa kuwa mwaka ule pamba ilikuwa imekwisha kuota, ekari kama milioni 10 zilipinduliwa kwa plau. Husimuliwa ya kuwa nyumbu walikataa kwenda, maana siku zote walikuwa wamefundishwa wasikanyage mistari ya pamba.

Bei ikapanda kweli. Lakini fedha za serikali zilipita njia gani? Mkataba wa miaka ya 1934 na 1935 ulifanywa na mwenye ardhi. Kwa kila ratili ambayo haikulimwa zililipwa senti 4 na nusu: mwenye shamba alipata senti 4, na aliyelima kwa kugawana alipata nusu ya senti. Hata kidogo hicho kilipitia mkononi mwa tajiri, naye mara nyingi alikizuia kwa ajili ya deni. Tena shamba lililopunguzwa halikuhitaji watu wengi. Kwa hiyo jamaa nyingi zikafukuzwa. Hivyo fedha zilizotolewa kwa jina la mkulima zikamwondoa mkulima shambani.

Mwezi wa Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza katika Arkansas, wakakutana watu 18, weupe 11 na weusi 7. Wakaulizana kama waunde vyama viwili au kimoja, wakaamua kimoja. Katika siku zile za ubaguzi jambo hilo lilikuwa la hatari, na wanachama wengine walipigwa. Huko Washington, mawakili wa idara ya kilimo waliosema ya kuwa mkataba wamlazimu mwenye shamba kuwaweka watu wake wale wale waliondolewa kazini mwezi wa Februari 1935.

Baadaye serikali ikaanza kuwalipa wapangaji wenyewe. Ndipo mabwana wengi wakaona heri kuwaajiri watu kwa ujira wa siku, wasiwe na fungu lo lote. Januari 1939, katika Missouri, watu zaidi ya 1,000 wasio na makao walikaa kando ya barabara kuu, katika baridi, ili wapitao wawaone.

Hatusemi ya kuwa msaada wa serikali ni mbaya. Waliotunga sheria ile walitaka kuwaokoa wakulima, lakini walipatana na mtu aliyeonekana kwa urahisi, yaani mwenye hati. Basi sisi nasi, iletwapo mbegu au mbolea kwa ajili ya wakulima, tusihesabu magunia tu. Tuitazame orodha ya majina, tuone kama jina la mjane alimaye shamba la kukodi limo.