Utunzaji wa kiyoyozi

Utunzaji wa kiyoyozi ni kazi za usafi na ukaguzi zinazofanywa kwa ratiba ili mashine ya kupoza au kupasha joto hewa ya nyumba idumu, isile umeme mwingi na isihatarishe wakazi.

Muundo

Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kina sehemu mbili. Ile ya ndani huvuta hewa ya chumba, huipitisha kwenye chujio na kwenye koili yenye gesi baridi, kisha huirudisha chumbani. Ile ya nje ina kompresa na feni, nayo hutupa nje joto lililotolewa chumbani. Aina nyingi za kisasa zinaweza kugeuza mzunguko huo na kupasha chumba joto.

Kazi za mwenye nyumba

Chujio likijaa vumbi, hewa hupita kwa shida, umeme hupotea na koili inaweza kuganda barafu. Mashine ikitumika kila siku, chujio huoshwa kwa maji kila baada ya wiki 2 hadi 4 na kukaushwa kivulini. Umeme huzimwa kwanza kwenye swichi kuu.

Maji yakitiririka ukutani, mara nyingi bomba la kuyatolea limeziba. Sehemu ya nje haitakiwi kuzibwa na majani wala vitu vingine. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, chumvi iliyomo hewani hula metali, kwa hiyo koili ya nje huhitaji kuoshwa mara nyingi zaidi.

Kazi za fundi

Angalau mara moja kwa mwaka fundi husafisha koili, hukaza nyaya na kupima gesi. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haiishi kwa kutumika. Ikipungua, pana uvujaji. Kuijaza upya bila kuziba tundu ni hasara. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, hivyo si kazi ya asiye fundi.

Mifumo ya kupasha joto

Katika nchi za baridi nyumba nyingi hutumia boila za gesi. Boila mbovu inaweza kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha ahakikishe vifaa vya gesi vinakaguliwa kila miezi 12.

Mazingira

Gesi ya R-22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Nyingi zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, lakini huongeza joto duniani. Mwaka 2016 nchi zilikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kuzipunguza hatua kwa hatua. Kwa sababu hiyo gesi ya zamani hukusanywa kwenye mtungi badala ya kuachiwa hewani.