Babu yangu alikuwa mwalimu wa UPE

Wiki iliyopita kazini mwenzetu alikosea asilimia kwenye habari yake, mwingine akamrushia: "Wewe ulifundishwa na UPE nini?" Chumba kizima tukacheka. Nami nilicheka, halafu nikaona aibu. Babu yangu alikuwa mwalimu wa UPE.

Kwa wasiojua: Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Walimu wa kutosha hawakuwepo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa ya kufundisha huku wenyewe wakijifunza ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Babu alikuwa na miaka 17. Kuna wanafunzi waliomzidi kimo. Kitabu kimoja, anasema, watoto wanane.

Ongeza na kampeni ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, hawakufika 10. Nchi chache za Afrika zilikwenda kasi hivyo.

Sasa jamani, mbona uchumi haukupaa? Miaka hiyohiyo wazazi wetu walipanga foleni ya sukari na sabuni. Jibu la haraka ni Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977. Sibishi. Lakini naona kuna jingine ambalo hatulisemi sana: tulimfundisha mtoto kusoma, kisha tukamfungia mlango wa sekondari. Nafasi zilipimwa kwa ajira ambazo serikali ilitarajia kuwa nazo, kana kwamba msomi hawezi kujitafutia kazi isiyo kwenye mpango! Katikati ya miaka ya 80 waliokuwa sekondari walikuwa kama asilimia 3 tu ya rika lao. Wakenya, kwa shule zao za harambee, walituacha mbali.

Wachumi wawili, John Knight na Richard Sabot, waliwapima wafanyakazi wa Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1980. Waliona kwamba kilichopandisha mshahara hasa ni uwezo wenyewe wa kusoma na kuhesabu, kuliko kipaji cha kuzaliwa au idadi ya miaka darasani. Na sekondari ndiyo iliyoukuza uwezo huo. Kitabu chao kilitoka 1990, wakati sisi tumesharudisha michango ya shule na watoto wanapungua madarasani. Ada ya msingi ilikuja kufutwa 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne ikafuata 2016.

Nilimsimulia babu utani ule wa kazini. Hakukasirika. Aliuliza tu hiyo asilimia ilikuwa ngapi, akachukua kalamu nyekundu, akaikokotoa pembeni mwa gazeti. Mwenzetu alikuwa amekosea kweli. Na kwenye habari yangu, ukurasa huohuo, babu alikuwa ameshazungushia makosa mawili.