Kazi Sambamba: Istilahi ya Kueleza Mwendo wa Mgonjwa wa Parkinson

Kazi sambamba ni hali ya kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na lengo lake: kutembea huku ukizungumza, kuvaa shati ukiwa umesimama, kupita mlangoni na sinia la chai mkononi. Wanaowahudumia wagonjwa wa Parkinson wanaihitaji sana istilahi hii, maana katika hali kama hizo ndipo mwendo wa mgonjwa huharibika.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 1817 na James Parkinson, daktari wa London, aliyeuita kupooza kwa mtetemeko. Hadi leo wengi huuita ugonjwa wa kutetemeka, ingawa si kila mgonjwa hutetemeka. Kinachowapata wote ni miondoko kuwa ya polepole. Ndani kabisa ya ubongo, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Dopamini ndiyo inayousaidia ubongo kuendesha miondoko tuliyoizoea, kama vile kupiga hatua, kupunga mikono na kugeuka, bila sisi kuifikiria. Ikipungua, mgonjwa hulazimika kuongoza kwa akili hatua ambazo zamani zilijiendea zenyewe.

Nao umakini wa binadamu una kikomo. Kwa mtu mwenye afya, kutembea hakugharimu umakini mwingi, hivyo hubaki wa kutosha kwa mazungumzo. Mgonjwa wa Parkinson hulipia yote mawili kutoka mfuko mmoja. Akianza kuongea, hatua hufupika, kasi hushuka, na pengine miguu huganda kana kwamba imenasa sakafuni. Wataalamu hulipima jambo hili kwa kumwomba atembee kimya, kisha atembee tena huku akitoa tatu tatu kuanzia mia, na kulinganisha miendo hiyo miwili. Bastiaan Bloem wa Nijmegen, Uholanzi, na wenzake wameeleza hatari iliyopo: kazi zikizidi, mtu mwenye afya hutanguliza usalama wa mwili na kuacha kujibu, lakini wagonjwa wengi hung'ang'ania yote, wakaanguka.

Katika jamii zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mzee akipita njiani huamkiwa "Shikamoo", naye ni lazima aitikie "Marahaba", kisha aulizwe habari za nyumbani, za watoto na za afya. Salamu hiyo ya heshima ni kazi sambamba. Akisimama kabla ya kujibu, au akichelewa kuitikia, hudhaniwa anaringa au amechanganyikiwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo. Mtu wa namna hiyo huishi na lawama bila kupewa jina la kinachomsumbua.

Wapo wanaopendelea kusema "kazi nyingi kwa mpigo". Lakini "kwa mpigo" husifu wepesi wa kumaliza mambo, na "nyingi" huficha kwamba mbili tu zinatosha kumwangusha mtu. "Sambamba" husema mambo yanakwenda bega kwa bega, basi. Tena istilahi hii inazaa nyingine kwa urahisi: jaribio la kazi sambamba, gharama ya kazi sambamba, mazoezi ya kazi sambamba.

Dawa kama levodopa hupunguza tatizo, lakini hazilimalizi. Mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia husaidia, vilevile mistari iliyochorwa sakafuni au mdundo wa kufuatisha hatua. Msaada wa familia hauhitaji hata senti: mpokee mzigo alioubeba, usimwite kwa nyuma akiwa anatembea, na kama una neno naye, mwache asimame kwanza ndipo umwambie.