Kipenga na Pumzi

Kipenga hakilii ila kwa pumzi. Aghalabu mwamuzi wa kandanda hukipuliza kwa sababu ya makosa ya miguu na mikono. Lakini iko siku hutakiwa akipulize kwa ajili ya mtu asiyekosewa na yeyote, aliyeanguka peke yake.

Kanuni ya 5 ya mchezo huo humwachia mwamuzi hukumu hiyo. Akiona mchezaji kaumia kidogo, huacha mpira uchezwe hadi utoke. Akiona hali ni nzito, husimamisha mchezo papo hapo. Uzito wote umo katika hilo neno "akiona". Maradhi ya moyo hayatoki damu, wala hayaachi alama ya kiatu. Jicho litayatambuaje?

Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, Kameruni ilikutana na Kolombia katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72, Marc-Vivien Foé, kijana wa miaka 28, alianguka katika duara la kati, hakuna aliyemgusa. Alitolewa kwa machela, na pambano likaendelea hadi mwisho. Kameruni ilishinda 1-0. Ushindi ukageuka matanga.

Msiba ule ulifunza. Waamuzi na matabibu wa viwanjani wakahimizwa kwamba aangukaye ghafla bila kuguswa, naye haitiki, achukuliwe kuwa moyo wake umesimama mpaka ithibitike vingine. Tarehe 17 Machi 2012, jijini London, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alipoanguka, mwamuzi Howard Webb aliuvunja mchezo. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, kisha ukarejea. Tarehe 12 Juni 2021, jijini Copenhagen, Anthony Taylor hakukawia kuwaita matabibu alipomwona Christian Eriksen chini. Eriksen alipona, na mwaka uliofuata alirudi uwanjani.

Hata hivyo, pambano lile la Denmark na Finland lilimalizwa jioni ile ile, na baadhi ya wachezaji wa Denmark walinung'unika baadaye kwamba hawakupaswa kurudishwa uwanjani. Basi elimu haijakamilika: tumejifunza kuuokoa moyo ulioanguka, bado kuisitiri mioyo iliyosimama ikitazama.

Mshairi ajuaye mizani hujua pia pa kutua. Na mwamuzi ni vivyo hivyo.