London Ukiipima kwa Treni

Kuna watu hupima London kwa kuhesabu stesheni za treni ya chini ya ardhi. Hiyo rula ina shida. Mwaka 1863 reli hiyo ilianza na kilomita 6 hivi, kutoka Paddington hadi Farringdon, treni za mvuke zikijaza moshi handakini. Mwaka 1933 ikatoka ramani ya Harry Beck. Beck alinyoosha mistari, akapanua katikati ya jiji, akavuta vitongoji karibu. Ramani ya leo bado inafuata mtindo wake.

Sasa cheki. Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260, unatembea tu. Chalfont & Latimer hadi Chesham ni zaidi ya kilomita 6. Kwa anayehesabu stesheni, kote ni hatua moja.

Halafu vuka mto Thames uende kusini. Huko stesheni ni chache, maana reli za juu zilikuwa zimetangulia. Peckham, mtaa uliojaa watu, haina hata moja. Chesham, mji mdogo nje kabisa ya mipaka ya London, inayo. Kwa rula hiyo, Chesham ni London, Peckham siyo. Kawaambie watu wa Peckham.